Jembe la Jirani

Nilipokuwa nasomea ualimu Goma, mkufunzi wetu alitutaka kila mmoja aandike falsafa yake ya kufundisha. Nikaandika kwamba mwalimu ni mshumaa unaojiunguza ili kuwaangazia wengine. Nilipata kumi na nane juu ya ishirini, na karatasi ile niliitembeza mpaka kwa shangazi zangu Bweremana. Sasa nafundisha Karuba, ambako upepo wa mlimani hupita katika matundu ya mabati yaliyotobolewa wakati watu wamekimbia vita, na mshumaa hauwezi kumaliza hata Baba Yetu. Laiti ningemwona yule mkufunzi leo, ningemrudishia alama zake zote.

Ukweli ni kwamba sikuwa na falsafa yoyote. Nilikuwa na hasira na mwendo. Kwetu ziwani ukizubaa kidogo samaki wameshanunuliwa na wanawake wengine, nami nilifundisha vivyo hivyo. Niliuliza swali, Darius akainua mkono, Darius akajibu, tukasonga mbele. Darius ni mtoto wa mwongoza kwaya, ana kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Yeye na wenzake wachache wa madawati ya mbele ndio waliokuwa darasa langu la sita. Waliobaki walikuja kutusindikiza.

Igiraneza alikuwa mmoja wa wasindikizaji hao. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu kuliko wote, maana miaka yake ya shule ilikatika familia yao ilipokuwa katika kambi ya wakimbizi karibu na Goma. Alikaa nyuma kabisa ili asiwazibe wadogo. Alinakili kila kitu cha ubaoni kwa mwandiko mzuri ajabu, lakini ukimuuliza swali aligeukia dirishani kama vile jibu linachungwa huko nje pamoja na ng'ombe. Mwanzoni nilidhani ni mvivu. Baadaye nikadhani ni mzito. Sikupoteza muda kufikiria jambo la tatu.

Kabla ya Pasaka, mkuu wa shule yetu, Papa Habumugisha, aliniita ofisini. Sisi tunamwita Papa Direkta. Ni mtu mfupi wa koti na buti za mpira, na anapenda asilimia kama wengine wanavyopenda nyama.

"Mwalimu Aurélie," akasema, "mwaka hii mi nataka asilimia mia ku Tenafep. Pasaka ikipita, utafanya jaribio. Mwenye hatafika nusu, hatumupeleke. Atarudilia mwaka."

Tenafep ni mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Siku hizi umepewa jina jingine, lakini huku kwetu jina la zamani ndilo linalotetemesha watoto. Niliitikia kwa kichwa. Nililiona ni jambo la haki kabisa, na nilitoka ofisini nikipanga nani atakayebaki.

Siku iliyofuata Mama Mukandori, mama yake Igiraneza, alinikuta njiani nikirudi nyumbani. Alitua mzigo wake wa kuni kwanza, ndipo akasema.

"Mwalimu, ule mutoto hatarudilia. Baba yake ameshakatala. Kama hafanyi mutihani mwaka hii, shangazi yake wa Pinga atamukamata, ataenda kuuza naye ku soko kule. Ameshatuma neno, anangoja tu jibu yetu."

Pinga iko Walikale, mbali kaskazini, ng'ambo ya misitu, na pikipiki yenyewe hufika huko ikiwa imechoka. Mtoto akienda Pinga kuuza sokoni, shule imekwisha.

"Na yeye mwenyewe anataka nini?" nikauliza.

"Ye?" Mama Mukandori akacheka kidogo, kwa uchungu. "Ata akishika jembe, anaimba zile verbe zenu za Kifaransa. Je suis, tu es. Tunalima naye tunachoka masikio."

Nilishangaa. Darasani sikuwa nimewahi kumsikia akitamka hata "je" peke yake. Nikamwambia mama huyo kwamba nitaona. "Nitaona" ni neno la mtu asiyejua la kufanya, na Mama Mukandori alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alibeba kuni zake akaenda.

Jumamosi ikawa siku ya salongo, kazi ya pamoja ya wazazi. Shule ina shamba lake upande wa juu, kwenye mteremko mkali, na lilitakiwa lilimwe lote kabla ya kupanda maharagwe. Walimu nao walitakiwa kuja. Niliazima jembe, nikapanda mpaka juu, nikasimama nikitazama bonde na nikaanza kulima kushuka. Kushuka si ndiyo rahisi? Nilikuwa nimepiga majembe machache tu niliposikia kicheko chini yangu.

"Mwalimu!" akaita Mama Nyiransabimana, mjane mmoja mwenye mdomo kama wangu. "Unapelekea bantu ya chini shamba ya shule?"

Kumbe kila bonge nililong'oa lilikuwa likibingirika kuelekea mtoni. Huku milimani watu huanzia chini, wakitazama juu, na kila jembe huvuta udongo bila kuuachilia. Mtoto wa miaka mitano wa Karuba anajua. Mimi mwenye diploma na ziwa langu sikujua, na nilicheka pamoja nao kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kutoka pale na heshima.

Wakanipanga katika mstari chini kabisa, Mama Nyiransabimana kulia kwangu na Mama Mukandori kushoto. Kila mtu alikuwa na kipande chake, upana kama wa mlango, kutoka chini mpaka kwenye mikaratusi ya juu. Nikasema moyoni, sasa wataniona. Nikaanza kwa kasi yangu ya darasani, nikawapita wote, na kabla jasho halijafika machoni mikono ilikuwa imeanza kunikatalia. Mstari ukanifikia, ukanipita. Nilipoinua kichwa, udongo mweusi ulikuwa mbele yangu kulia na kushoto, na katikati zimesimama nyasi zangu peke yake, ndefu, zikipepea.

"Mwalimu amebakia kisiwa," mtu mmoja akasema, nao wakacheka tena.

Nimezaliwa nikitazama Idjwi ng'ambo ya maji, kisiwa nakijua. Sikuwahi kufikiri nitakuwa kimoja.

Hapo ndipo jembe la Mama Nyiransabimana lilipoingia ndani ya kipande changu. Hakugeuka, alikata tu upana wa jembe moja kutoka kwenye nyasi zangu akaendelea. Mara Mama Mukandori naye akakata upande wa pili. Damu ikanipanda.

"Mama, hiki ni kipande changu! Nani amewaambia siwezi?"

Mama Mukandori aliegemea mpini wake. "Hakuna mwenye amesema huwezi. Tunakupunguzia. Muntu akibakia nyuma, jirani ya huku anamukatia jembe moja, na ya huku jembe moja. Kipande inakuwa nyembamba, anapanda mbio. Akitufikia, tunamurudishia upana yake."

"Na kama hafiki?"

"Atafika. Mulima inaendaka wapi?"

Nikalima. Na kweli, kipande chembamba kinapandika. Pumzi ilirudi, nikawaona wakikaribia, nikawafikia, na jembe la kulia likatoka kwenye upande wangu kimyakimya kama lilivyoingia. Hatua chache kabla ya mikaratusi nilitua jembe chini. Wenzangu wote walikuwa wameshafika.

"Mama Mukandori," nikasema, "nimalizie hapa padogo."

Alichomeka jembe lake ardhini. "Aa, hapana, Mwalimu. Ya mwisho ni yako. Tukiimaliza sisi, utasema umelima nini?"

Na wote walibaki wamesimama juu, hakuna aliyekwenda kunywa maji, hakuna aliyekaa. Nilipopiga jembe la mwisho wakapiga vigelegele. Mimi si mtu wa kulia hovyo, lakini siku ile niliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nalitazama benchi la familia ya Igiraneza na jambo la tatu likanijia lenyewe. Mtoto yule hakuwa mvivu wala mzito. Alikuwa kisiwa. Mambo ambayo wenzake walijifunza akiwa kambini yalikuwa yamesimama mbele yake kama nyasi, na mimi nilikuwa nimempita na Darius wangu, nikifika juu kila siku na kujipigia vigelegele mwenyewe. Nilijikasirikia sana.

Jumatatu nilisogeza madawati. Kila aliyekuwa nyuma kimasomo nikamweka kati ya wawili wenye nguvu, na Igiraneza nikamtoa kwenye kona yake nikamweka kando ya Darius. Nikaandika hesabu ubaoni, nikasema: leo tunalima. Mwenzako akibaki nyuma, mkatie jembe moja tu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa muda mrefu, lakini watoto walinitazama kana kwamba nawafundisha kutembea. Wote walikuwa wamezaliwa ndani ya mstari ule. Mgeni nilikuwa mimi.

Ni Darius tu aliyekuwa na wasiwasi. "Mwalimu, nikimupunguzia, na ye akinipita?"

"Ukipitwa, utapunguziwa."

Hakufurahi hata kidogo.

Usifikiri mambo yalinyooka mara moja. Wiki ile ile nilikuta hesabu za Igiraneza zote ni sahihi, nikafurahi kama mjinga, mpaka nilipoona kila saba imekatwa kamstari katikati. Katika darasa lile anayekata saba ni mmoja tu.

"Darius! Nani alikutuma kulima mpaka juu?"

"Mwalimu, si nimemusaidia?"

Kabla sijafungua mdomo tena, Igiraneza alisimama. Hakuna aliyemuuliza kitu, na hakutazama dirishani.

"Amekamata kipande yangu yote! Mi nilikuwa nimeshafika karibu!"

Alilisukuma daftari kwa hasira. Na mimi, ambaye kelele darasani hunipandisha damu, nilifurahi mpaka nikashika meza. Hasira ile niliitambua, ilikuwa ndugu ya yangu ya shambani. Nikawauliza watoto: mtu akibakiza pale padogo juu, jirani anamalizia? Wakajibu wote kwa pamoja kwamba hapana, ya mwisho ni ya mwenyewe. Hiyo ikawa sheria. Jembe moja ni neno moja la Kifaransa, au namba moja, au swali. Jibu halitolewi. Kwa Darius kujua jibu na kulinyamazia ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo, lakini polepole akajifunza kuuliza maswali, na niseme kweli, baadhi ya maswali yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Igiraneza naye akaanza kusogea. Si mbio. Siku nyingine alirudi nyuma akakaa kimya, siku nyingine alikata nyasi nyingi kwa mara moja. Ila alikuwa ndani ya mstari.

Siku chache kabla ya jaribio, Papa Direkta alipita barazani. Akasikia sauti, akachungulia, akaona vichwa vimeelekeana na vidole vikionyesha madaftari ya wenzao. Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mwalimu Aurélie! Hii ni darasa ao ni soko ya Mushaki? Batoto banakopia!"

"Hawakopii, Papa Direkta. Wanapunguziana."

"Wanapunguza nini? Akili?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kumjibu vibaya. Namshukuru Mungu hakunipa nafasi. Alichukua chaki, akatazama mistari ya madawati, akamwona aliye mrefu kuliko wote.

"We, Igiraneza. Njoo ku tablo. Peke yako. Leo tutaona kama ile ni kichwa yako ao ni ya Darius. Ukishindwa, hatutangoja ata jaribio. Mi nakutosha ku liste ya mutihani leo."

Aliandika hesabu kwa Kifaransa, kama zinavyokuja kwenye mtihani. Shamba lina urefu wa mita arobaini na tano na upana wa mita ishirini. Robo tatu imelimwa. Tafuta eneo lililobaki. Kisha akampa mtoto chaki, akarudi nyuma, akafumbata mikono mgongoni.

Igiraneza alisoma kwa sauti, neno kwa neno, na sauti haikuwa mbaya. Alipofika kwenye "les trois quarts", ile robo tatu, akasimama. Akasoma tena. Akasimama pale pale. Mkono wenye chaki ulishuka. Nikaona macho yake yakianza kuelekea dirishani, na huko nje mimi niliiona barabara ya Pinga, na pikipiki, na mzigo mdogo wa nguo nyuma yake. Nikafungua mdomo, Papa Direkta akainua kidole bila kunitazama. Darius alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Darasa lote lilikuwa kama limesimama juu kwenye mikaratusi, likimngoja, na hapakuwa na jirani.

Kisha Papa Direkta akasogea. Hatua moja tu, kuelekea upande wa kushoto wa mtoto. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya ofisini. Ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza huku ameinama.

"Kwanza, shamba yote iko kubwa gani?"

Igiraneza akageukia ubao, chaki ikaanza kukimbia. Nyuma ya darasa mtoto mmoja akanong'ona, "Papa Direkta amemupunguzia!" na kicheko kikapita dawati kwa dawati kama upepo kwenye mtama.

"Nini?" Papa Direkta akageuka. "Banacheka nini?"

Nadhani mpaka dakika ile hakujua alichokifanya. Igiraneza alikuwa ameshapata mia tisa. Nilimngoja atafute robo tatu, kisha atoe, ndivyo nilivyowafundisha. Hakufanya hivyo. Aligawa mia tisa kwa nne, akaandika mia mbili ishirini na tano, akapiga mstari chini yake, akaweka chaki.

"Na robo tatu iko wapi?" akauliza Papa Direkta.

"Ile imeshalimwa, Papa. Wameuliza yenye imebakia. Yenye imebakia ni robo."

Papa Direkta alitazama ubao. Nami nikautazama. Miaka yote hii nimekuwa nikiwapitisha watoto njia ndefu, na njia ya mkato ipo pale pale, imelala wazi. Alipangusa chaki kwenye koti lake, akamwambia Igiraneza akae, akanipa ishara nimfuate nje.

Barazani alisimama akitazama malisho. Nilidhani ananitafutia maneno makali, nami nilikuwa na yangu.

"Mama yangu alikuwa na muguu mubaya," akasema. "Bantu walikuwa wanafika juu, ye angali katikati. Nilikuwa namupunguziaka upande ya kushoto. Hakuna siku alibakia kisiwa. Ata moja." Akapenga kamasi kwa leso, kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. "Wote wataenda ku Tenafep. Wote wa darasa yako."

"Na asilimia mia?" Huo ndio mdomo wangu, hauna adabu hata siku ya sikukuu.

"Tutaona," akasema. Safari hii sikulichukia neno lile. Kisha akakumbuka cheo chake. "Lakini inspekta akija atauliza unafundisha kwa njia gani. Unapashwa kuiandika vizuri."

Nilimwahidi nitaiandika. Jioni ile nilikaa na kalamu, na mshumaa wa zamani ukataka kurudi, nikaufukuza. Nilichokuwa nacho ni maneno ya wanawake wawili wenye matope miguuni: mkatie jirani jembe moja, mngoje juu, na ya mwisho mwachie mwenyewe. Sijui hayo yatapata ngapi juu ya ishirini.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kulima upande uliobaki wa shamba la shule. Nilianzia chini, nikitazama juu, kama binadamu. Papa Direkta alikuja na buti zake akasimama kushoto kwangu. Mama Mukandori, kabla ya kuinama, aliniambia kwamba wamemtumia shangazi wa Pinga jibu: atafute mtu mwingine wa kuuza naye. Alilisema kwa haraka, akinitazama usoni, halafu akaushika mkono wangu akaubana mpaka ukauma. Kulia kwangu akaja Igiraneza mwenyewe.

Nilibaki nyuma, bila shaka. Methali inasema aliye juu mngoje chini, lakini Karuba ni kinyume, aliye juu ndiye anayekungoja. Nikasikia jembe likiingia kwenye kipande changu upande wa kulia, na juu yake sauti ya msichana ikiimba "nous sommes, vous êtes". Nikamwacha akate. Upande wa kushoto buti za mpira nazo zikasogea karibu.

Zilipobaki hatua chache mikono yangu ilikuwa imekwisha kabisa. Wote walikuwa juu, wamesimama.

"Igiraneza," nikaita, "njoo unimalizie hapa."

Alichomeka jembe lake ardhini na kuuegemea mpini, vilevile kama mama yake.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Ya mwisho ni yako."